Waiteni Wazee kwa Kazi, Si kwa Kupunga Mkono

Nimechoshwa na trela. Studio ya Marekani ikitangaza kwamba inafufua tamthilia yake ya zamani ya anga za mbali, mwisho wa trela ni uleule: muziki unatulia, mlango unafunguka, mzee mwenye mvi anageuka taratibu, tunamtambua, tunapiga kelele. Kisha tamthilia yenyewe inakuja. Mzee anaonekana dakika tatu. Anarudia sentensi iliyompa umaarufu miaka arobaini iliyopita, vijana wanaovaa sare yake wanamtazama kwa unyenyekevu, anaondoka, na hadithi inaendelea kana kwamba hakupita mtu. Huo ni udhalilishaji. Na sisi mashabiki ndio tunaoulipia.

Sipingi waigizaji wa awali kurudi. Natamani warudi wote walio hai. Ninachopinga ni kumwita mtu aliyeibeba tamthilia mabegani, aliyekosa kazi nyingine kwa sababu ya tamthilia hiyo, halafu ukamtumia kama chambo cha kuuzia tiketi. Anayemrudisha mwigizaji mzee ampe mhusika aliyezeeka kweli, ampe jambo ambalo bila yeye hadithi haiendi, na amlipe inavyostahili. Akishindwa, asimsumbue.

Tena asiniambie mtu kwamba haiwezekani. Imewezekana tangu mwaka 1992, kwenye kipindi cha Star Trek: The Next Generation kiitwacho "Relics". James Doohan, yule Mkanada aliyecheza mhandisi Scotty kuanzia 1966, alikuwa na umri wa miaka 72. Katika hadithi, Scotty amejihifadhi miaka 75 ndani ya mtambo wa kusafirishia watu, kwenye chombo kilichoanguka, akisubiri kuokolewa. Anaokolewa na chombo kipya, Enterprise. Anashuka chumba cha injini kwa furaha kabisa, kwa sababu injini ndiyo maisha yake, na mara anagundua kwamba yote anayoyajua yamepitwa na wakati. Mhandisi kijana, Geordi La Forge, anamvumilia kidogo, kisha uvumilivu unamwishia. Mzee anaambiwa apishe, watu wafanye kazi.

Hapo ndipo mwandishi alipoonyesha ujasiri ambao leo nautafuta kwa tochi. Scotty anakwenda kwenye kile chumba chenye uwezo wa kuunda mfano wa mahali popote, na anaiamuru kompyuta imletee chumba cha usukani cha chombo chake cha zamani. Mlango unafunguka, na ndicho: viti vilevile, taa zilezile, milio ileile. Lakini hakuna mtu. Mzee anasimama katikati na glasi yake mkononi, anainua glasi kwa viti vitupu. Baadaye Kapteni Picard anaingia, wanakunywa, wanazungumzia vyombo walivyovipenda ujanani. Kisha Scotty mwenyewe anaizima ile taswira. Hafukuzwi, anaizima, kwa kuwa anajua si ya kweli na yeye bado yuko hai. Mwisho wa kipindi, ujuzi wake wa mitambo ya kale ndio unaookoa chombo kipya na watu wote waliomo, na anayemsaidia ni yuleyule Geordi aliyemfukuza.

Tazama kilichotendeka pale. Umri wa Doohan haukufichwa kwa poda wala haukuwekwa pembeni. Umri wake ndio uliokuwa hadithi. Mzee aliyeona kazi yake imechukuliwa na wengine ni jambo linalomhusu kila mtu mwenye baba aliyestaafu, na lilisemwa ndani ya kipindi cha vyombo vya angani, na mwigizaji ambaye mwenyewe, baada ya tamthilia ya kwanza kufungwa mwaka 1969, alihangaika kupata kazi kwa sababu kila mtayarishaji akimwangalia alimwona Scotty tu.

Aliyeandika kipindi hicho ni Ronald D. Moore, na jina hili likumbukwe, maana miaka kumi na kitu baadaye alipewa mtihani mgumu zaidi. Alikabidhiwa Battlestar Galactica aitengeneze upya. Tamthilia ya awali ilirushwa 1978 na 1979, na Richard Hatch ndiye aliyekuwa Apollo, rubani shujaa. Hatch hakuwahi kuiacha ile hadithi. Aliandika riwaya zake, na mwishoni mwa miaka ya 1990 alitoa fedha zake mwenyewe akatengeneza trela kuwashawishi wenye studio waiendeleze pale ilipoishia. Hawakushawishika. Ilipofika 2003 wakaja na Galactica nyingine kabisa, yenye Apollo mwingine, kijana. Mzee Hatch aliumia na alisema hadharani.

Studio nyingine ingemwita avae sare apunge mkono. Moore alimpa Tom Zarek. Zarek ni mfungwa wa kisiasa, gaidi kwa wengine na mkombozi kwa wengine, mtu aliyefungwa miaka ishirini na bado ana ulimi unaoweza kuwasha moto melini. Anapoonekana mara ya kwanza anaongoza uasi wa wafungwa, na anayeshikwa mateka ni Apollo mpya. Waweke wawili hao kwenye chumba kimoja: mtu aliyelibeba jina hilo ujanani na mtu anayelibeba sasa, mmoja akimhoji mwenzake kuhusu serikali ambayo hakuna aliyeipigia kura. Hakuna anayekonyeza kamera. Hakuna muziki wa zamani unaopigwa kichinichini. Ni watu wawili wanaogombana juu ya haki, na aliye sahihi zaidi huenda ni yule mwenye bunduki. Zarek alidumu mpaka 2009, akafika kuwa makamu wa rais, akaongoza mapinduzi, akapigwa risasi kwa amri ya kijeshi. Hatch alifariki Februari 2017, na ukiniuliza alichokiacha kikubwa kuliko vyote, nitakutajia Zarek kabla ya Apollo.

Waingereza nao waliweza. Elisabeth Sladen aliachwa kando ya barabara na Doctor Who mwaka 1976, kwa maana hiyohiyo ninayoisema: mhusika wake Sarah Jane alishushwa, chombo kikaondoka. Aliporudishwa mwaka 2006, akiwa na miaka 60, waandishi walimruhusu Sarah Jane amuulize yule Daktari swali ambalo mwanamke yeyote aliyeachwa bila maelezo angeuliza: mbona hukurudi? Aliuliza kwa hasira, na alikuwa na haki. Watazamaji walimpenda upya kiasi kwamba 2007 akapewa tamthilia yake mwenyewe, akaiongoza hadi alipofariki 2011. Hiyo ndiyo heshima.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1994 ilipotengenezwa Star Trek Generations, filamu ya kuwakutanisha manahodha wawili, Leonard Nimoy aliletewa uhusika wa Spock. Akasoma. Akaona kwamba maneno aliyoandikiwa angeweza kuyasema mtu yeyote, hayakuwa na Spock ndani yake. Akakataa. DeForest Kelley, mwenzake wa tamthilia ya awali, naye hakushiriki. Na unajua kilichofuata? Maneno yaleyale wakagawiwa Doohan na Walter Koenig, aliyekuwa Chekov, filamu ikaendelea. Nimoy alikuwa amesema kweli tupu. Na Moore, huyuhuyu ninayemsifu, alikuwa mmoja wa waandishi wawili wa filamu ile. Basi hata mwenye kipaji huandika uhusika mtupu akiagizwa kujaza orodha ya majina, na ndiyo sababu lawama yangu naielekeza kwa wanaoagiza.

Ninaishikilia habari ya Nimoy kwa sababu nyingine. Alikuwa hai, akasoma, akasema hapana. Peter Cushing alifariki 1994, lakini 2016 uso wake uliwekwa kwa kompyuta juu ya mwigizaji mwingine kwenye Rogue One. Ian Holm alifariki 2020, na 2024 uso wake ukatumika kwenye Alien: Romulus. Familia ziliridhia, najua. Lakini hakuna mjane wala mtoto anayeweza kusoma muswada kwa jicho la mwigizaji mwenyewe na kusema maneno haya hayana mimi. Waigizaji wa Marekani waligoma siku 118 mwaka 2023, na nakala za kompyuta za miili yao zilikuwa miongoni mwa mambo makuu waliyogombea. Waliona mbali. Studio inayoweza kumtumia marehemu haina tena haja ya kumbembeleza aliye hai.

Wapo watakaoniletea msimu wa tatu wa Star Trek: Picard, wa mwaka 2023, uliowakusanya karibu wote wa Next Generation. Nauheshimu msimu ule. Michael Dorn alimpa Worf utulivu wa mtu aliyepigana hadi akachoka kuua. LeVar Burton alikuwa Geordi aliye baba, anayeogopea watoto wake, na mmoja wa mabinti hao alichezwa na binti yake wa kumzaa. Hayo ni mambo ya umri, yana uzito. Ila karibu na mwisho wanarudishwa kwenye chumba cha usukani cha Enterprise yao, kilichojengwa upya kwa uangalifu mkubwa, kamera inatembea juu ya viti, Picard anasema alilikumbuka hata zulia, na sisi tunatakiwa tulie. Nililia. Na nililia kwa hasira pia, kwa sababu miaka thelathini kabla yake, tamthilia hiyohiyo ilikijenga kipande tu cha chumba cha zamani na ikamwambia mzee: hiki kimekwisha, toka nje, bado una kazi. Safari hii chumba kimejengwa kizima na mzee anaambiwa akae.

Suala la malipo halinihitaji maneno mengi. Gillian Anderson aliicheza The X-Files kuanzia 1993 akilipwa chini ya David Duchovny, na ilichukua miaka mitatu ya kupigania hadi wakalinganishwa. Ilipofufuliwa 2016, alieleza mwenyewe kwamba kwanza aliletewa nusu ya alichotajiwa Duchovny. Nusu! Baada ya tuzo zote, baada ya wasichana wengi waliosema walisomea sayansi kwa sababu ya mhusika wake, Scully. Alikataa, na mwishowe wakalipwa sawa. Studio ilijua vizuri kwamba bila yeye hakuna tamthilia, ikajaribu tu kuona kama yeye mwenyewe anajua.

Lakini linaloniwasha zaidi ni la Nichelle Nichols, aliyecheza Uhura kwenye Star Trek.

Sisi tunaoongea Kiswahili tuna haki ya kulisema hili kwa sauti kubwa. Tarehe 8 Septemba 1966 kilirushwa kipindi cha kwanza kabisa cha Star Trek, na ndani yake Luteni Uhura, mwenye jina lililotolewa kwetu, anasemeshwa Kiswahili na anajibu. Mwaka uliofuata akapewa kipindi ambacho kumbukumbu zake zinafutwa zote, na anapofundishwa upya kusoma, akikwama, kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Wakati ule mwanamke mweusi kwenye televisheni ya Marekani alikuwa zaidi mfanyakazi wa ndani. Huyu alikaa kwenye chumba cha usukani, afisa. Nichols alipotaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Kuanzia 1977 alizunguka Marekani kwa niaba ya NASA akiwashawishi wanawake na watu weusi waombe nafasi za uanaanga, na kundi lililochaguliwa 1978 lilikuwa na Sally Ride, Guion Bluford, Judith Resnik na Ronald McNair.

Na mwanamke huyo walimrudisha namna gani? Mwaka 1973 ilipoandaliwa katuni ya Star Trek, mpango ulikuwa kutomwajiri kabisa, wala George Takei, aliyekuwa Sulu. Sauti zao zifanywe na wengine ili kubana matumizi. Nimoy akasema hao wasipokuwepo na yeye hayumo. Wakaajiriwa. Na ni kwenye katuni hiyo, si kwenye tamthilia wala filamu, ndipo Uhura alipoichukua amri ya chombo, wanaume wote wakuu wakiwa wamedhoofika. Kwenye filamu ya sita, ya 1991, afisa wa mawasiliano mwenye uzoefu wa miongo anaonyeshwa akipekua makamusi ya karatasi ili avunjevunje lugha ya Klingon, watu wacheke. Mtaalamu wa mawasiliano!

Kisha ukaja wakati wa kuagana. Wale saba wa awali, mmoja baada ya mwingine, walipewa siku yao kwenye tamthilia mpya au kwenye filamu ya kukabidhiana: Kelley 1987, Nimoy 1991, Doohan 1992, Shatner na Koenig 1994, Takei 1996. Hesabu. Ni sita. Nichols hakuonekana. Tamthilia zikapita, Next Generation, Deep Space Nine, Voyager, Enterprise, Discovery, Picard, na Uhura mwenyewe hakupewa tukio jipya hata moja. Alifariki Julai 2022 akiwa na miaka 89. Kufikia hapo Uhura wawili vijana walikuwa wamekwisha kuchezwa na waigizaji wengine, wazuri wote, lakini hakuna aliyeandika hata ukurasa mmoja kuhusu Uhura mzee: amekuwa nani, amesikia nini katika miaka yote ile ya kusikiliza anga.

Waliomwandikia ni mashabiki. Bi. Nichols alirudi kuwa Uhura kwenye Star Trek: Of Gods and Men, filamu iliyotengenezwa nje ya studio na kuongozwa na Tim Russ wa Voyager, na humo Uhura ni mmoja wa wahusika wakuu. Kundi jingine la mashabiki, kaskazini mwa jimbo la New York, wengi wao wakijitolea bila malipo, lilimrudisha Walter Koenig mwaka 2006 kwenye "To Serve All My Days", hadithi ya Chekov anayezeeka ghafla mbele ya macho ya wenzake. Iliandikwa na D.C. Fontana, mwandishi wa tamthilia ya awali. Mwaka uliofuata kundi hilohilo likampa George Takei "World Enough and Time": Sulu aliyekwama kwenye sayari miaka thelathini, akapata binti huko, na sasa anaombwa achague kati ya ujana wake na mtoto wake. Takei alikuwa na miaka 70, na aliicheza kwa nguvu ambayo wenye Star Trek hawakuwahi kumwomba aitumie. Kipindi hicho cha wasio na studio kikateuliwa kuwania tuzo ya Hugo.

Walalahoi ndio walioelewa. Waliona kwamba mwili wa mzee una hadithi, wakaiandika. Mashirika yenye mabilioni yalimwona Takei huyohuyo na kumpa sauti ya katuni kwa muda mfupi, mwaka 2022.

Na malipo ya mashabiki hao yakawa nini? Juni 2016, CBS na Paramount, wenye Star Trek, walitoa kanuni kwa kila anayetaka kutengeneza filamu ya shabiki. Kisa kilikuwa mradi mmoja uliochangisha zaidi ya dola milioni moja na kuishia mahakamani, na kwa hilo siwalaumu wenye mali kulinda mali yao. Waliweka kikomo cha dakika 15 kwa hadithi, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30. Sawa. Wakaweka kikomo cha michango cha dola 50,000. Sawa. Lakini humo wakaingiza sharti kwamba washiriki wote wawe wasio wataalamu, wasilipwe, na wasiwe watu waliowahi kuajiriwa kwenye tamthilia au filamu yoyote ya Star Trek.

Soma tena. Waliowahi kuajiriwa. Maana yake Koenig haruhusiwi. Takei haruhusiwi. Siku kanuni ile inatoka Nichols alikuwa hai, ana miaka 83, na yeye hakuruhusiwa. Mashirika yaliyoshindwa kumwandikia Uhura mzee tukio moja yaliona muda wa kukaa na mawakili na kuhakikisha hakuna mwingine atakayemwandikia. Alikuwa na miaka sita zaidi ya kuishi. Wangeweza kumwita wao. Hawakumwita, na mlango mwingine wakaufunga.

Kwa hiyo ninaloomba si jipya wala si gumu. Bakini na vikomo vyenu vya dakika na vya fedha. Futeni sharti la waliowahi kuajiriwa, au angalau waondoeni ndani yake wale wa tamthilia ya awali. Shatner alizaliwa 1931, Koenig 1936, Takei 1937. Mashabiki watakaokwenda kumgongea Takei na muswada mkononi wapo, na kama nyinyi hamna uhusika wa kumpa, msiwazuie walio nao.